Kupanda wimbi: mchezo wa pwani tuliouachia wageni

Siku ya Idi, au Jumapili yoyote yenye jua la kutosha, ufukwe wa Raskazone mjini Tanga hujaa watu. Wapo waliokuja kwa baiskeli kutoka Ngamiani na Makorora, na wapo waliobanana ndani ya daladala na watoto wao mapajani. Mihogo ya kukaanga ipo, soda zipo, muziki upo. Lakini hebu, ndugu msikilizaji, siku utakapokwenda tena, tazama ni nani hasa aliye ndani ya maji. Utakuta watoto wa kiume wachache wanaopiga mbizi hadi ukadhani hawaibuki tena, na kando yao kundi kubwa la watu wazima waliokunja suruali, wamesimama maji ya magoti. Wanawake wamekaa mchangani wakilinda viatu. Mji umejengwa ukiielekea bahari, jina lake linajulikana kwa bandari yake, na bado wakazi wake wengi wanaitazama bahari kama mtu anavyoitazama nyumba ya jirani asiyemzoea.

Juma hili nimeona tuzungumzie mchezo mmoja wa baharini ambao wengi wetu huuona kwenye televisheni tukadhani ni mali ya Wamarekani na Waaustralia peke yao. Ni mchezo wa kupanda wimbi. Sisemi ule wa kusimama wima juu ya ubao mrefu, ambao mwaka 2021 uliingia kwa mara ya kwanza katika Michezo ya Olimpiki kule Japani. Nasema ile aina ya chini yake, ambayo kwa maoni yangu ndiyo mama wa yote: kupanda wimbi kwa kifua kitupu, mtu akajinyoosha mwili wake ukawa ndio chombo, na kulipanda kwa kipande kifupi cha ubao kilichowekwa chini ya tumbo. Hii haihitaji fedha nyingi wala uanachama wa klabu. Inahitaji wimbi, ufukwe wa mchanga, na mtu anayejua kuogelea. Wimbi na mchanga tunavyo. Hilo la tatu ndilo litakalotusumbua kabla hatujamaliza mazungumzo haya.

Kwanza swali la mwenye mali. Miongoni mwa maandishi ya zamani kabisa yanayoeleza watu wakichezea mawimbi kwa mbao ni yale yaliyotoka Afrika, tena zaidi ya miaka mia moja kabla mabaharia wa Kapteni James Cook hawajaandika waliyoyaona Tahiti na Hawaii katika miaka ya 1770. Mjerumani mmoja, Michael Hemmersam, aliyekaa katika pwani ya Ghana ya leo kwenye miaka ya 1640, alieleza jinsi wazazi walivyowafunga watoto wao kwenye mbao na kuwatupa majini ili wajifunze kuogelea. Mfaransa Jean Barbot, aliyefika Elmina mwishoni mwa miaka ya 1670, aliona watoto kwa mamia wakicheza mbele ya ngome, wengine wakiwa na vipande vya mbao. Na katika miaka ya 1830 ofisa wa Kiingereza, James Alexander, alisimama Accra akatazama wavulana wakiogelea kwenda mbali na ubao mwepesi chini ya tumbo, wakangojea wimbi, kisha wakarudi nalo hadi nchi kavu. Msikilizaji, huo ndio mchezo ninaousema, hauna tofauti hata kidogo. Wa nani, basi?

Atakayeuliza kwa nini habari hizo ni za Afrika Magharibi na si za kwetu, jibu lake liko chini ya maji. Pwani ya Ghana iko wazi. Bahari kuu inakuja moja kwa moja, haina kizuizi, na wimbi linapasuka mbele ya mlango wa nyumba. Meli za zamani zilitia nanga mbali, na kila gunia na kila abiria alipitishwa kwenye mawimbi kwa mitumbwi. Mpiga kasia aliyekosea kuhesabu mawimbi alipindua mzigo wa watu. Kwa hiyo mtoto aliyekuwa akicheza na ubao alikuwa anajifunza kazi ya baba yake: lipi wimbi la kuliacha lipite na lipi la kuondoka nalo.

Huku kwetu Mungu alitupa mwamba. Tangu mpaka wa Kenya kuja Moa, Tanga, Kigombe hadi Pangani, matumbawe yamepanga mstari nje ya pwani, hapa mstari mrefu, pale vipande vipande na visiwa vidogo. Wimbi linavunjika huko nje, na linalofika mchangani ni mjukuu wake tu. Mwamba huo umetulinda, na umewahi kuwaumbua wakubwa. Mwezi Aprili 1498, Vasco da Gama akiwa safarini kuelekea Mombasa na Malindi, moja ya meli zake, São Rafael, ilipanda fungu mbele ya Mtangata, ndiyo sehemu ya Tongoni, kusini kidogo ya Tanga. Maji yalipokupwa ikabaki juu, kavu. Wenyeji walikwenda kuwatazama kwa vyombo vyao, wakawapelekea machungwa, na Wareno wakaandika kwamba yalikuwa mazuri kuliko ya kwao. Maji yakajaa, meli ikaelea, wakaondoka. Milima ya Usambara waliyoiona kwa mbali wakaipa jina la meli hiyo. Kumbe mwisho wake ulikuwa hapo hapo. Januari 1499, wakirudi kutoka India na mabaharia wao wamekufa wengi kwa kiseyeye, hawakuwa tena na watu wa kuziendesha meli zote, wakaichoma moto São Rafael kwenye mafungu yale yale. Sijui watoto wangapi wa Tongoni leo wanafundishwa habari hii shuleni.

Mbali na mwamba, Tanga ina ukuta wa pili, nao ni kisiwa cha Pemba. Kiko mashariki yetu, kiasi cha kilomita 50 hivi, ng'ambo ya mkondo wenye kina cha mamia ya mita. Mawimbi makubwa yanayozaliwa mbali katika Bahari ya Hindi hugonga upande wa pili wa Pemba kabla hayajatufikia. Ndiyo maana hori la Tanga ni tulivu, na ndiyo maana bandari ikawekwa pale. Ukishuka kusini, ukafika Pangani na Ushongo, unatazama lango lililo kati ya Pemba na Unguja, na hapo bahari hubadilika sauti. Kusi likivuma, kuanzia Mei hadi Septemba, na hasa maji ya bamvua yanapojaa yakaufunika mwamba, wimbi hupata njia ya kupita juu yake na kuja hadi ufukweni likiwa bado na nguvu. Si wimbi la Hawaii. Ni wimbi la kifua, au la kiuno, na kwa mwanafunzi hilo ndilo hasa linalotakiwa.

Dar es Salaam, ufukwe wa Coco unajulikana kwa hilo. Na majirani zetu wa Kenya wana Malindi. Pale Mto Sabaki unamwaga tope na maji baridi yasiyo na chumvi, matumbawe hayakui, na kwa sababu hiyo mwamba umeacha pengo mbele ya mji. Wakati wa kusi mawimbi yanaingia moja kwa moja hadi ghubani, maji yakiwa na rangi ya chai ya maziwa. Walowezi wa Kiingereza waliligundua pengo hilo mapema. Mahoteli ya kwanza ya watalii Malindi, ya Brady na ya Lawford, yalifunguliwa katika miaka ya 1930, na watu waliteremka kutoka mashamba ya bara kuja kuogelea na kupanda mawimbi.

Hapa niruhusu nitoke njiani kidogo. Sote tunaifahamu ngalawa. Ule mtumbwi mwembamba wenye matengo huku na huku hautoki Uarabuni wala Ureno. Wataalamu wa vyombo wameufuata nyuma hadi visiwa vya kusini mashariki ya Asia, kwa watu wale wale waliovuka Bahari ya Hindi wakaijaza Bukini, na ambao ndugu zao wengine walielekea upande wa pili, mashariki, kisiwa hadi kisiwa, hata wakafika Hawaii. Kimalagasi na Kihawaii mpaka leo ni lugha za ukoo mmoja. Kwa hiyo mvuvi wa Kigombe anayeiingiza ngalawa yake mlangoni mwa mwamba, akingoja wimbi limsukume, na Mhawaii aliyelalia ubao wake, wameshika ncha mbili za kamba moja. Wimbi wanalihesabu kwa namna moja.

Hawaii walikuwa na neno lao la kupanda wimbi kwa mwili tu, bila ubao, na walikuwa na mbao fupi za kulalia kwa watoto na wakubwa. Wamisionari waliofika mwaka 1820 hawakuupenda mchezo huo wa watu waliovaa nguo chache, ukadidimia kwa muda mrefu. Huko Australia nako serikali za miji zilikataza watu kuoga baharini mchana hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1902 mwenye gazeti mmoja wa Manly, karibu na Sydney, William Gocher, aliivunja sheria hiyo hadharani, na baada ya hapo fukwe zikafunguliwa. Lakini ni nani aliyewafundisha watu wa Manly kupanda wimbi kwa kifua? Historia yao wenyewe inamtaja kijana waliyemwita Tommy Tanna, mtu mweusi kutoka kisiwa cha Tanna katika nchi ambayo sasa ni Vanuatu, aliyekuwa kibarua katika nyumba za Wazungu. Yeye ndiye aliyekuwa akienda majini na kurudi na wimbi, nao wakimtazama. Jina lake halisi halikuwekwa popote. Waliandika jina la kisiwa chake.

Turudi Tanga. Mwezi Novemba 1914, Waingereza walileta askari wapatao 8,000 kutoka India kuja kuuteka mji huu kwa Wajerumani. Waliteremshwa Raskazone, kwenye fukwe hizi hizi tunazokulia mihogo. Wengi walikuwa wamekaa melini majuma kadhaa, wamedhoofika kwa kutapika, na walilazimika kushuka majini na bunduki zao na kutembea hadi nchi kavu. Upande wa pili, Lettow-Vorbeck alikuwa na watu wapatao elfu moja, wengi wao askari Waafrika. Tarehe 5 Novemba Waingereza walikuwa wanarudi kwenye mashua kwa haraka, wameacha silaha nyingi nyuma. Habari za nyuki waliowatawanya askari zimesimuliwa mno, sina haja ya kuziongeza. Mimi huwa nafikiria wale waliorudishwa majini, watu wa nchi kavu, hawajui kuogelea, na mwamba mkali chini ya nyayo zao. Mwezi mmoja tu baadaye, Desemba 1914, bingwa wa Olimpiki wa kuogelea, Duke Kahanamoku wa Hawaii, alikuwa Sydney akiwaonyesha watu jinsi ya kusimama juu ya wimbi. Bahari ni moja. Inategemea imekukuta katika hali gani.

Sasa swali nililolianza: kwa nini mji wa pwani una watu wasiojua kuogelea? Jibu mojawapo ni katani. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf alileta miche ya mkonge, ikapandwa Pangani, na katika muda wa kizazi kimoja mkoa mzima ukawa mashamba. Kazi ile ilihitaji mikono, na mikono ikaletwa kutoka bara: Kigoma, Songea, Unyamwezi, Urundi, Msumbiji. Hao ndio manamba. Walitoka kwenye mito yenye mamba au kwenye nchi zisizo na mto kabisa. Walipomaliza mikataba, wengi hawakurudi. Wakaoa, wakajenga, watoto wao ndio sisi. Mzee wa namna hiyo hakuwa na sababu ya kumpeleka mwanawe baharini, bali alikuwa na kila sababu ya kumchapa akirudi na chumvi kwenye nyusi. Wazee wetu wa pwani asili, Wadigo, Wasegeju na Wabondei waliokwisha kuzoea maji, waliwaacha watoto wakajifunza wenyewe. Waliotoka bara walikataza. Wote wawili hawakufundisha.

Nao ukoloni ukaongeza lake. Mahali palipokuwa na ngazi za kuteremkia majini na mtu wa kuangalia usalama palikuwa pa klabu, na klabu zilikwenda kwa rangi, Wazungu kwao na Wahindi kwao. Mwafrika aliingia kama mtumishi. Afrika Kusini walifika mbali zaidi, wakaligawa hata wimbi. Muizenberg, karibu na Cape Town, ndiko ambako mwaka 1922 mwandishi Agatha Christie, akiwa safarini na mumewe, alijifunza kupanda mawimbi kwa ubao mwembamba wa kulalia, akaupenda sana. Mwaka 1953 bunge la huko lilipitisha sheria ya kutenga mahali pa starehe kwa rangi, na fukwe nzuri zenye mawimbi mazuri zikawa za Wazungu. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1990. Mtoto mweusi wa Durban aliyezaliwa ilipopitishwa alikuwa mtu mzima wa miaka 37 aliporuhusiwa kisheria kuogelea popote alipopenda.

Ubao wa kisasa wa kulalia una historia fupi na ya kuchekesha. Julai 1971 Mmarekani mmoja, Tom Morey, akiwa Hawaii, alichukua kipande cha sponji ngumu ya plastiki, akakikata kwa kisu cha umeme cha jikoni, kisha akakilainisha kwa pasi ya nguo huku ameweka kurasa za gazeti katikati ili isigande. Akaenda nacho majini siku ile ile. Kikawa kiwanda, kikawa mamilioni ya mbao duniani kote. Morey alifariki mwaka 2021. Sisi wenye magazeti tunafurahi kusikia gazeti limetumika kwa jambo la maana.

Lakini kabla ya Morey, na baada yake, mtoto wa pwani yetu hakungojea kiwanda. Anapanda kwa ubao wa sanduku la chai, kwa karara la mnazi, kwa dumu tupu la mafuta ya kula alilolikumbatia. Coco siku ya sikukuu utaona tyubu za magari zinakodishwa. Na sisi watu wa Tanga tuna kitu kingine tunachokipita kila siku barabarani bila kukitazama: mlingoti wa mkonge. Ukikauka ni mwepesi ajabu na unaelea. Huko California wapo mafundi wanaounganisha milingoti ya mimea ya jamii hiyo hiyo, wakaichonga kuwa mbao za mawimbi zinazouzwa kwa bei ya kutisha. Fundi seremala wa Muheza au Korogwe anaweza kuisoma habari hii mara mbili.

Najua sasa wapo wanaouliza, mtu anaanzaje? Nitasema kwa ufupi, kwa maana mchezo huu hufundishwa na maji zaidi ya redio. Asiyejua kuelea asianze na wimbi. Aanze Raskazone au mahali popote patulivu, maji yakiwa ya kifuani, ajifunze kulala chali bila kutapatapa, kisha kupuliza pumzi uso ukiwa majini, kisha kwenda na kurudi bila kugusa chini. Akishaweza hayo, atafute ufukwe wa mchanga wenye wimbi dogo, na asiende peke yake. Asimame maji yanapofika kiunoni, ageuke kuelekea pwani, atazame nyuma juu ya bega. Wimbi linalofaa ni lile linaloanza tu kupinda kichwa. Lililokwisha kuvunjika litamsukuma tu, nalo ni zuri kwa siku ya kwanza. Lisilovunjika kabisa litampita kama gari lisilosimama kituoni. Likifika karibu yake, ajirushe mbele kwa miguu yote miwili, mkono mmoja umenyooka mbele, mwili mgumu kama boriti, kichwa juu, na apige miguu kwa nguvu hadi ausikie mwili umebebwa. Kusikia huko hakuelezeki. Mwenye ubao aushike kwa mbele, tumbo lake liwe juu yake, na uzito wake uwe nyuma kidogo, la sivyo pua ya ubao itazama na yeye atarukishwa juu yake. Kabla ya kufika maji ya magoti aachie, azame ubavu, asimame. Wanaoumia shingo ni wale wanaong'ang'ania mpaka mchangani, na wale wanaopanda wimbi linalojipiga nchi kavu kwa kishindo.

Hatari nyingine ni za mahali. Konyeza huwasha, na kwenye mawe kuna wale wanyama weusi wenye miiba mirefu, kwa hiyo viatu vya plastiki si aibu. Mdomo wa Mto Pangani haufai kabisa kwa mwanafunzi. Mbele yake kuna fungu la mchanga ambapo mawimbi hugombana na mkondo wa mto, na maji ya kupwa yanapotoka huvuta kwelikweli. Hata manahodha huungojea wakati wake. Kwenye ufukwe wa wazi nako upo mkondo wa kurudi. Maji yote yaliyoletwa na mawimbi lazima yarudi, nayo huchagua njia moja, na njia hiyo hudanganya macho, kwa kuwa huonekana shwari, haina povu. Mgeni huchagua kuogelea pale hasa. Aliyevutwa asishindane nao kwa kuielekea pwani, atachoka na kuzama. Aogelee ubavuni, sambamba na ufukwe, hadi atoke kwenye njia hiyo, kisha arudi na mawimbi. Mwenye ubao asiuachie. Na kuna hatari zisizo na msimu. Tarehe 26 Desemba 2004, tetemeko la Sumatra lilituma mawimbi yake hadi kwetu, ng'ambo ya bahari nzima, na Tanzania ikapoteza watu wapatao kumi, wengi wao vijana waliokuwa wakiogelea, kwa sababu ilikuwa Jumapili baada ya Krismasi.

Nimesikia wazazi wakisema, "Kwa hatari hizo zote, si afadhali wasiende?" Naelewa. Lakini wanakwenda. Na hata wasipokwenda kucheza, watapanda boti. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na kuchukua mamia ya watu. Tarehe 10 Septemba 2011 Spice Islander, imejaa kupita kiasi, ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, katika maji haya haya yanayotazamana na Tanga, na mamia wakafa tena. Miongoni mwa waliookoka wapo waliokutwa wameshikilia magodoro. Mtu aliyelalia godoro katikati ya bahari usiku anafanya, bila hiari, lile ambalo mtoto wa Elmina alilifanya kwa mchezo zaidi ya karne tatu kabla yake. Tofauti ni kwamba mtoto yule alikuwa amekwisha kuzoea. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya Desemba 2024, linakadiria kuwa watu 300,000 hivi walikufa maji duniani mwaka 2021, na wengi wao ni wa nchi za kipato kama chetu, na wengi ni watoto.

Mabinti zetu ndio walioachwa nyuma zaidi. Mwanamke wa pwani anaingia majini tangu zamani, anatanda uduvi, anachokoa pweza, anapanda mwani, lakini ni maji ya kiunoni na amevaa khanga mbili. Yakizidi hapo hana la kufanya. Kisingizio huwa ni dini, na hapo huwa nashangaa, maana maneno yanayonasibishwa na Sayyidna Umar bin Khattab, ya kuwahimiza watu wawafundishe watoto wao kuogelea, yanajulikana katika kila chuo cha Kurani kutoka Vanga hadi Kilwa. Nungwi, Unguja, mradi wa Panje umewafundisha wasichana wa Kiislamu kuogelea wakiwa wamevaa nguo zinazowasitiri mwili mzima, wakianza na madumu ya plastiki chini ya vifua vyao. Picha zao, zilizopigwa na Anna Boyiazis, zilipata tuzo katika mashindano ya World Press Photo mwaka 2018, na dunia ikazitazama. Waliopata faida kubwa zaidi ni wale waliokuwa kwenye picha, kwa kuwa sasa baadhi yao ndio wanaowafundisha wengine.

Tanga hatukosi lolote katika hayo. Tunayo maji tulivu ya kujifunzia yasiyo na mfano, zawadi ya mwamba na ya Pemba. Tunazo shule za msingi ambazo mwanafunzi akirusha jiwe linaangukia baharini. Tunao wavuvi wenye umri wa kustaafu wanaojua kila mlango na kila fungu, na hakuna aliyewaita darasani hata siku moja. Tunachohitaji kuangalia ni njia za kufikia maji, zinazopungua mwaka hadi mwaka, ukuta huu wa hoteli na uzio ule wa nyumba binafsi, hadi mtoto wa Chumbageni ataulizwa kiingilio ili auone mchanga aliouchezea babu yake. Na pale pasipo kiingilio mara nyingi ndipo penye mawe, au mkondo, na hapana mtu wa kuangalia.

Kwa anayetaka kuanza, ayajue maji kwanza. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, ndiyo bamvua, maji ya pwani yetu hujaa kiasi cha saa kumi jioni, na huo ndio wakati wimbi linapouvuka mwamba. Lakini aende siku hiyo hiyo mapema, saa nne asubuhi, yakiwa yamekupwa hadi mbali. Atembee kwa miguu pale atakapoogelea jioni, aone chini pana nini.